Kitambulisho cha Toleo katika Klasi Zinazofungashwa: Maana, Aina na Kumbukumbu Zake

Maana

Kitambulisho cha toleo ni namba nzima ya biti 64 inayoambatishwa na klasi ya programu ili kubainisha kama data iliyohifadhiwa kwa umbo la klasi hiyo zamani inaweza kusomwa na klasi hiyo ilivyo sasa. Katika lugha ya Java, namba hiyo hukaa kwenye uga wenye jina maalumu, serialVersionUID. Namba hujibu swali moja: je, programu iliyofungasha data na programu inayoifungua zinatumia klasi zinazopatana? Klasi ina nyuga gani, upi uliongezwa, upi uliondolewa na kwa nini, hayo hayamo ndani ya namba. Hukaa katika kumbukumbu za maandishi zinazoandamana nayo. Kwa hiyo kitambulisho kilichokamilika kina nusu mbili, namba na kumbukumbu.

Mifano ya makala haya inatokana na programu ya kuwazia ya kusimamia ploti, kwa maana ya neno hilo katika mitaa ya Eastlands, Nairobi: jengo la vyumba vya kupangisha, singo na bedsita, lenye mwenye nyumba mmoja na keateka anayekusanya kodi. Klasi kuu ya programu hiyo inaitwa Mpangaji. Nyuga zake za mwanzo ni jina, chumba, kodi na simu.

Istilahi za msingi

Klasi ni ruwaza inayoeleza data na matendo ya vitu vya aina moja. Kitu ni mfano mmoja hai wa klasi: klasi Mpangaji ni moja, lakini ploti yenye vyumba 40 vilivyojaa ina vitu 40 vya klasi hiyo. Uga ni nafasi yenye jina inayobeba thamani moja ndani ya kitu. Methodi ni tendo ambalo kitu kinaweza kutenda, kama vile kutoa risiti. Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa klasi zilizoandikwa ili zitumiwe na programu nyingine.

Ufungashaji ni kugeuza kitu kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta kuwa mfuatano wa baiti unaoweza kuandikwa kwenye faili au kutumwa kupitia mtandao. Istilahi nyingine ya tendo hilo ni serializesheni. Ufunguaji ni tendo la kinyume, yaani kusoma baiti hizo na kuunda upya kitu chenye thamani zile zile. Mfuatano wenyewe wa baiti huitwa mkondo. Klasi inayofungashwa ni klasi iliyotangaza kuwa vitu vyake vinaruhusiwa kupitia tendo hilo. Katika Java hutangaza hivyo kwa kutekeleza kiolesura cha java.io.Serializable, ambacho hakina methodi hata moja. Kazi yake ni kuwa alama tu.

Asili

Ufungashaji wa vitu uliingia katika Java pamoja na JDK 1.1, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1997. Hitaji lake kuu lilikuwa kutuma vitu kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kuvihifadhi kwenye diski bila mwanaprogramu kuandika msimbo wa kusoma na kuandika kila uga. Urahisi huo ulizaa tatizo la pili. Data huishi muda mrefu kuliko msimbo ulioizalisha, na msimbo hubadilishwa mara nyingi wakati data ya zamani bado imelala kwenye faili. Kitambulisho cha toleo kiliwekwa kati ya data na msimbo.

Alama za historia hiyo bado zinaonekana katika maktaba sanifu. Klasi String ina kitambulisho -6849794470754667710L, na maelezo yaliyo juu ya namba hiyo katika msimbo wake yanasema kuwa ni ile ya JDK 1.0.2, iliyohifadhiwa kwa ajili ya upatanifu. Klasi Integer ina 1360826667806852920L, nayo ina maelezo ya namna hiyo hiyo. Hakuna mtu aliyechagua tarakimu hizo. Zilikokotolewa kutokana na umbo la klasi, kisha zikagandishwa ili zisibadilike tena.

Muundo wa tamko

Tamko la kitambulisho huandikwa ndani ya klasi kwa mstari mmoja:

private static final long serialVersionUID = 1L;

Kila neno la mstari huo lina kazi yake. Neno static huifanya namba iwe mali ya klasi nzima badala ya kila kitu; wapangaji 40 hawahitaji nakala 40 za namba moja. Neno final huzuia namba isibadilishwe programu inapoendelea kufanya kazi. Neno long hutaja aina ya namba, biti 64 zenye alama ya chanya au hasi. Herufi L mwishoni huonyesha kuwa tarakimu zilizotangulia ni za aina hiyo. Uga ukikosa static au final, mfumo hauutambui kama kitambulisho, na kompaila iliyoagizwa kukagua jambo hilo hutoa onyo.

Neno private si la lazima, lakini linapendekezwa. Kitambulisho hakirithiwi: klasi mama ina chake na klasi mtoto ina chake, na mkondo hubeba vyote viwili. Klasi MpangajiWaDuka ikirithi kutoka kwa Mpangaji, namba ya Mpangaji haitumiki kwake hata kidogo. Kuifanya namba iwe ya faragha huondoa dhana kwamba inashuka kwa watoto.

Mahali pake ndani ya mkondo

Kitambulisho si kauli ya msimbo tu. Huandikwa kwenye kila mkondo. Faili yenye kitu kimoja cha klasi Mpangaji, klasi hiyo ikiwa haimo ndani ya kifurushi chochote, huanza kwa baiti zifuatazo kwa hesabu ya kumi na sita:

AC ED 00 05 73 72 00 08 4D 70 61 6E 67 61 6A 69 00 00 00 00 00 00 00 01

Baiti mbili za kwanza, AC ED, ni alama ya kutambulisha kuwa huu ni mkondo wa Java. Mbili zinazofuata, 00 05, ni toleo la utaratibu wa mkondo wenyewe. Baiti 73 husema kuwa kinachofuata ni kitu, na 72 kuwa maelezo ya klasi yanaanza. Baiti 00 08 ni urefu wa jina la klasi, na nane zinazofuata ni herufi za neno Mpangaji, moja baada ya nyingine. Kuanzia baiti ya 17 hadi ya 24 ndipo kilipo kitambulisho, hapa ikiwa ni 1. Baada yake huja idadi, aina na majina ya nyuga, na mwisho kabisa thamani zake. Ufunguaji hukagua namba kabla ya kugusa thamani yoyote, na ndiyo maana data ya toleo lisilopatana hukataliwa mlangoni.

Aina za vitambulisho

Vitambulisho vya toleo ni vya aina tatu: vilivyotamkwa, vilivyokokotolewa na vilivyowekwa na kanuni.

Kitambulisho kilichotamkwa ni kile ambacho mwanaprogramu ameandika mwenyewe. Kina mitindo miwili. Mtindo wa kwanza ni wa namba fupi inayoanza kwa 1L na kupanda hadi 2L, 3L na kuendelea kila upatanifu unapovunjwa kwa makusudi. Mtindo wa pili ni wa namba ndefu iliyopatikana kwa ukokotoaji na kugandishwa, kama 8683452581122892189L ya klasi ArrayList au 362498820763181265L ya klasi HashMap. Mitindo yote miwili ni halali, na kwa mashine haina tofauti. Kwa msomaji wa kumbukumbu, wa kwanza hufuatilika kwa urahisi zaidi. Wa pili hufaa pale klasi ilipoanza kutumika bila tamko na data yake imeshasambaa.

Kitambulisho kilichokokotolewa hutengenezwa na mfumo wenyewe pale klasi inayofungashwa inapokosa tamko. Ndicho chenye hatari kubwa zaidi, na kinaelezwa peke yake hapa chini.

Kitambulisho kilichowekwa na kanuni hakimsubiri mwanaprogramu. Aina za orodha thabiti, zinazojulikana kwa neno enum, daima zina 0L, na tamko lolote lililoandikwa ndani yake hupuuzwa. Klasi za rekodi, zilizokuwa sehemu ya kudumu ya lugha katika Java 16 mwaka 2021, zina 0L zisipotamka namba nyingine, na namba za pande mbili hazilazimiki kulingana. Safu haziwezi kutamka kitambulisho, hivyo sharti la kulingana haliziangukii.

Ukokotoaji

Klasi ikikosa tamko, mfumo hukusanya maelezo yake kwa mpangilio maalumu: jina la klasi, sifa zake, majina ya violesura inavyotekeleza, nyuga zake, kuwepo kwa msimbo wa kuanzisha nyuga tuli (static), viundaji visivyo vya faragha na methodi zisizo za faragha. Nyuga zilizo za faragha na tuli kwa pamoja huachwa nje, na vivyo hivyo zilizo za faragha na zenye alama ya transient, inayozuia uga usifungashwe. Maelezo hayo hupitishwa kwenye algorithimu ya SHA-1, inayotoa baiti 20, na 8 za kwanza ndizo hufanywa kitambulisho.

Udhaifu wa njia hii umo katika orodha yenyewe. Methodi na viundaji haviandikwi kwenye mkondo, ila vinahesabiwa katika kitambulisho. Klasi Mpangaji ikiongezewa methodi moja ya wazi ya kuchapisha risiti, data yake haijabadilika hata kwa baiti moja, lakini namba inabadilika yote. Faili za kodi za mwaka mzima zilizofungashwa na programu ya jana zitakataliwa na programu ya leo. Zaidi ya hayo, baadhi ya kompaila huongeza viungo vyao vya ndani kwenye klasi, hivyo msimbo ule ule ukipitia kompaila mbili unaweza kupata namba mbili. Kwa sababu hizo, maelezo rasmi ya Java yanasisitiza kuwa kila klasi inayofungashwa itamke kitambulisho chake.

Kazi

Kitambulisho kina kazi tatu. Ya kwanza ni ulinzi: namba ya mkondo na namba ya klasi zikitofautiana, ufunguaji husimama na kutoa hitilafu ya InvalidClassException inayotaja namba zote mbili. Keateka anayefungua faili la mwezi uliopita huona ujumbe wa hitilafu badala ya kodi zilizochanganyika na vyumba.

Kazi ya pili ni ruhusa. Namba zikilingana, mfumo hukubali tofauti nyingi za umbo. Uga uliomo kwenye klasi lakini haumo kwenye mkondo hupewa thamani ya msingi, yaani sifuri kwa namba, uongo kwa thamani za mantiki na null kwa vitu. Uga uliomo kwenye mkondo lakini haumo kwenye klasi husomwa na kutupwa.

Kazi ya tatu ni ahadi. Mwanaprogramu anayeiacha namba ilivyo baada ya kubadilisha klasi anatangaza kuwa amepima mabadiliko yake na kuyaona yanapatana. Mashine haina njia ya kuthibitisha ahadi hiyo yote. Hapo ndipo uzito wa kumbukumbu za maandishi unapoanzia.

Mabadiliko yanayopatana

Mabadiliko yanayopatana ni yale ambayo hayadai namba mpya. Ya kwanza ni kuongeza uga. Mpangaji akiongezewa uga wa namba ya mita ya umeme, faili za zamani husomeka na uga huo hubaki na thamani ya msingi mpaka ujazwe. Mengine ni kuongeza au kuondoa klasi katika ukoo wa urithi; kuongeza au kuondoa methodi za writeObject na readObject, ambazo klasi huziandika ili kusimamia yenyewe uandishi na usomaji wa data yake, kwa masharti yake; kubadilisha kiwango cha ufikiaji wa uga kutoka wa wazi kuwa wa faragha au kinyume chake; na kubadilisha uga uliokuwa tuli kuwa wa kawaida, au uliokuwa transient kuwa wa kufungashwa. Mawili haya ya mwisho huhesabiwa sawa na kuongeza uga mpya.

Mabadiliko yasiyopatana

Mabadiliko yasiyopatana ni haya: kuondoa uga, kuhamisha klasi juu au chini katika ukoo wa urithi, kufanya uga wa kawaida uwe tuli au transient, kubadilisha aina ya uga wa msingi, kubadilisha methodi za writeObject na readObject zisiandike au zisisome tena data ya kawaida, kuhama kutoka Serializable kwenda Externalizable (kiolesura kinachoiachia klasi yenyewe kazi ya kuandika na kusoma data yake) au kinyume chake, kugeuza klasi kuwa enum au kinyume chake, na kuiondolea klasi ruhusa ya kufungashwa.

Kuondoa uga kunahitaji ufafanuzi. Programu mpya husoma faili la zamani bila shida, kwa kuwa uga uliozidi hutupwa. Shida iko upande wa pili: programu ya zamani ikisoma faili jipya hupata thamani ya msingi mahali pa uga uliotoweka. Uga wa kodi ukiondolewa, tarakilishi ya mwenye nyumba isiyosasishwa itaonyesha kuwa kila mpangaji analipa sifuri. Hakuna hitilafu itakayotokea. Kwa hiyo upatanifu una pande mbili, wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma, na kumbukumbu hutaja upande upi umevunjika.

Kubadilisha aina ya uga wa msingi ni kosa linaloonekana kwa urahisi katika namba za simu. Uga simu ukianza kama int, namba 0700 000 000 huhifadhiwa kama 700000000, kwa sababu namba nzima haina sifuri ya mbele. Baadaye huhitajika umbo la kimataifa linaloanza na 254, ambalo ni 254700000000, lenye tarakimu 12. Kikomo cha juu cha int ni 2,147,483,647, chenye tarakimu 10, hivyo mwanaprogramu hugeuza uga kuwa long. Hata akiacha kitambulisho kama kilivyo, ufunguaji wa faili za zamani hukataa, kwani aina ya msingi kwenye mkondo hailingani na ya klasi. Njia inayopatana ni kuuacha uga simu na kuongeza uga mpya wa aina ya String, kisha kuujaza ndani ya methodi ya readObject kwa kutanguliza 254 mbele ya namba ya zamani. Funzo la jumla linalohifadhiwa kwenye kumbukumbu ni kwamba namba ya simu na namba ya mita ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hazijumlishwi wala kutolewa.

Hali ya pekee ya enum

Enum hufungashwa kwa jina la thamani yake pekee. Kwa kuwa kitambulisho chake ni 0L daima, hakuna namba ya kupandisha, na kumbukumbu ndiyo kinga iliyobaki. Mfano ulio karibu ni orodha ya maeneo bunge ya Nairobi. Programu iliyohifadhi anwani za wapangaji kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 ingekuwa na thamani EMBAKASI. Katika uchaguzi huo Embakasi ilikuwa imegawanywa kuwa maeneo bunge matano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Mtaa wa Umoja uliangukia Embakasi Magharibi, wa Kayole Embakasi Kati, na wa Dandora Embakasi Kaskazini.

Kuongeza thamani tano mpya hakuvunji chochote. Kufuta EMBAKASI kunavunja, kwa kuwa mkondo wa zamani utataja jina ambalo halipo tena, na ufunguaji utatoa hitilafu ya InvalidObjectException. Kubadili jina la thamani kuna athari ile ile kama kuifuta. Kanuni ya kumbukumbu kwa enum ni kuacha thamani ya zamani mahali pake, kuiwekea alama ya kutotumika tena, na kuandika kando yake mwaka ilipokoma na thamani zilizoirithi.

Tofauti na vitambulisho vya karibu

Kitambulisho cha toleo huchanganywa na vitambulisho vingine vitatu. Cha kwanza ni namba ya toleo la programu, kama 2.4.1, ambayo hupanda kila programu inapotolewa. Maktaba inaweza kupita matoleo kumi bila klasi hata moja kubadilisha kitambulisho, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Cha pili ni namba ya awamu. Mtaa wa Buruburu, uliojengwa kuanzia miaka ya 1970, una awamu tano, na wakazi hutaja Phase 1 hadi Phase 5 kama majina ya sehemu. Phase 3 haikuchukua nafasi ya Phase 2. Zote zipo kwa pamoja, kila moja na nyumba zake. Toleo jipya la klasi, kinyume chake, huchukua nafasi ya lililotangulia.

Cha tatu ni namba ya nyumba, na ndiyo iliyo karibu zaidi kwa tabia. Mradi wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa fedha za Benki ya Dunia na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, ulitenga takriban viwanja 6,000 vilivyokuwa na huduma za maji na choo, na mwenye kiwanja akajenga vyumba mwenyewe kadiri ya uwezo. Namba ya kiwanja ilibaki ile ile, vyumba vikiwa viwili au kumi. Namba ilisema ni kiwanja kile kile; ramani na karatasi za ujenzi ndizo zilizosema kilichojengwa juu yake. Uhusiano wa kitambulisho cha toleo na kumbukumbu zake ni huo huo.

Sehemu za kumbukumbu

Kumbukumbu za klasi inayofungashwa hukaa mahali pawili: kwenye maelezo yaliyo ndani ya msimbo, na kwenye ukurasa unaotengenezwa na chombo cha javadoc kutokana na maelezo hayo. Ukurasa huo huorodhesha kila klasi inayofungashwa iliyo ya wazi, kitambulisho chake kilichotamkwa, nyuga zake na methodi zake za ufungashaji. Nyuga za faragha nazo huonyeshwa humo, ingawa kwingineko hufichwa, kwa sababu uga ukishafungashwa si siri ya klasi tena. Umekuwa sehemu ya mkataba na kila anayesoma mkondo.

Alama za javadoc zinazohusika ni tatu. Alama @serial huelezea maana ya uga unaofungashwa kwa njia ya kawaida na thamani zinazokubalika. Alama @serialField huelezea uga uliotajwa katika orodha ya serialPersistentFields, yaani pale klasi inapotangaza nyuga za mkondo tofauti na nyuga zake halisi. Alama @serialData huelezea data ya ziada inayoandikwa na methodi ya writeObject au writeExternal, aina zake na mpangilio wake.

Klasi ArrayList inaonyesha thamani ya alama hiyo ya tatu. Maelezo yake ya @serialData yanasema kuwa mkondo hubeba urefu wa safu ya ndani, kisha vipengele vyote kwa mpangilio. Msomaji wa msimbo wa sasa hukuta kuwa urefu huo husomwa na kupuuzwa. Bado namba huandikwa mahali pake, kwa kuwa mikondo ya matoleo yaliyotangulia inayo na wasomaji wa zamani wanaitarajia. Bila mstari huo wa kumbukumbu, mtu yeyote angeweza kuuona kama mabaki, kuufuta, na kuvunja mikondo yote bila kugusa kitambulisho.

Vyombo

Chombo cha serialver, kinachokuja pamoja na JDK, hupokea jina la klasi na kutoa kitambulisho chake. Klasi isiyo na tamko hukokotolewa, na jibu huweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye msimbo. Kompaila ya javac ikipewa agizo la -Xlint:serial huonya kuhusu klasi inayofungashwa isiyo na kitambulisho. Alama ya @Serial, iliyoongezwa katika Java 14 mwaka 2020, huwekwa juu ya uga au methodi ya ufungashaji ili kompaila ikague kama jina na umbo lake ni sahihi. Herufi moja ikikosewa katika neno serialVersionUID, uga hugeuka kuwa wa kawaida na kitambulisho hurudi kwenye ukokotoaji kimyakimya. Alama hiyo huliwezesha kosa hilo kuonekana mapema.

Mifumo jirani

Si mifumo yote inayoambatisha namba kwenye klasi. Protocol Buffers, iliyotolewa kwa umma na Google mwaka 2008, huipa kila uga namba yake, kuanzia 1 hadi 536,870,911, na uga ukiondolewa namba yake hutengwa isitumike tena. Hapo mkataba umeshushwa kutoka kwenye klasi hadi kwenye uga. Mfumo wa pickle wa lugha ya Python hubeba jina la klasi bila namba ya toleo la klasi hiyo, na humwachia mwanaprogramu kazi ya kuongeza uga wa toleo akitaka. Katika mifumo yote, swali la kumbukumbu hubaki: nini kilibadilika, na nani bado anasoma umbo la zamani.

Mipaka

Kitambulisho cha toleo si kinga ya usalama. Namba iliyo wazi kwenye mkondo, kama ile ya baiti ya 17 hadi ya 24 katika faili ya Mpangaji, inaweza kuandikwa na yeyote, na mkondo wa hila wenye namba sahihi hupita ukaguzi huu. Ulinzi dhidi ya data isiyoaminika hufanywa na vichujio vya ufunguaji vilivyoingia katika Java 9 mwaka 2017. Vilevile kitambulisho hakilindi maana. Uga kodi uliokuwa wa kodi ya mwezi ukianza kubeba kodi pamoja na maji, jina, aina na namba havijabadilika, na mashine haina la kulalamikia.

Mfano wa kumbukumbu kamili

Kumbukumbu ya klasi moja hukamilika ikiwa na mambo matano kwa kila badiliko: kitambulisho, badiliko lenyewe, upande wa upatanifu, thamani inayochukuliwa pale data ya zamani inapokosa uga, na tahadhari ya maana. Kwa klasi Mpangaji, kumbukumbu hiyo ingesomeka hivi:

1L, mwanzo. Nyuga: jina, chumba, kodi, simu. Kodi ni ya mwezi, kwa shilingi, bila maji wala takataka.

1L, uga mita umeongezwa, aina ya String. Unapatana pande zote. Faili za zamani: null, maana yake mita haijaandikwa, si kwamba chumba hakina umeme.

1L, uga simuKamili umeongezwa, aina ya String. Unapatana pande zote. Faili za zamani: hujazwa kutoka simu kwa kutanguliza 254. Uga simu usifutwe. Tarakilishi ya mwenye nyumba bado inausoma.

2L, uga chumba umegeuzwa kutoka int kuwa String, kwa kuwa ghorofa mpya zina vyumba vya A na B. Haupatani upande wowote. Faili za 1L husomwa kwa programu ya kuhamisha data pekee, na chumba 12 huandikwa A12.